Mnunuzi Aandike Alichosikia

3 Februari

Mwanangu Bwana Kesho,

Nakusalimu wewe, na mkeo namsalimu zaidi, maana yeye ndiye anayekuvumilia. Mimi shangazi yako ni mzima. Ninakula, ninalala, na goti la kushoto likileta matata naliambia linyamaze. Baba yako alipita wiki iliyopita, akakaa mpaka chai ikaisha kwenye birika, akalalamika kwamba humwandikii. Nikamwambia kaka, mwache mtoto, ataandika kesho. Jirani yangu mshona nguo amepata wajukuu mapacha, na nasikia mtaa mzima haulali.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Nataka kumuuza Mjerumani.

Usiruke kwenye kiti, umesoma sawasawa. Ni pikipiki ile ile nyeusi, yenye mistari myeupe kwenye tangi, isiyo na mnyororo, ambayo kiki yake inapigwa kwa ubavu na imewaaibisha wanaume wengi mbele ya wake zao. Unajua nilivyoipata. Daktari mmoja alikuwa anarudi kwao, mimi mkunga mpya natembea kwa miguu, akaniuliza kama naweza kuiendesha, nikasema ndiyo kabla sijajua kama ni kweli. Tangu siku hiyo imenipeleka kwenye kila nyumba yenye mama wa kujifungua. Wanawake walikuwa wakisikia Mjerumani anakuja, wanabandika maji jikoni bila kuambiwa. Leo hii haina hata boliti moja ya kuazima. Spana zake zote zimo kwenye kisanduku chake ndani ya tangi, zimefungwa kwenye kitambaa, na kitambaa chenyewe nakifua.

Wewe unauza vigae, unakutana na watu wa nyumba kubwa. Nitafutie mnunuzi. Sharti langu ni moja. Aje mwenyewe, nimwashie, akae kwenye kigoda karibu na injini, asikilize mpaka ipate moto. Kisha aandike kwenye karatasi alichosikia. Na asiniandikie "mlio mzuri". Mzuri si mlio.

Usinipigie simu. Nimeifungia kabatini, inanichosha. Niandikie. Na sababu ya kuuza usiniulize.

Shangazi yako


27 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua nimechelewa, na najua umeshamwambia baba kwamba ulijua nitachelewa. Hapa kwetu tuko salama. Dukani kazi ni nyingi, watu wote wameamua kubadilisha sakafu mwaka huu, na mgongo wangu unajua uzito wa kila boksi. Kuna habari nyingine, lakini mke wangu amenikataza kuitangaza mapema. Nitakwambia tu kwamba asubuhi hawezi kuona chai, na mimi natembea dukani nikicheka peke yangu kama mwehu.

Shangazi, barua yako imenikata maini. Kumuuza Mjerumani? Unaumwa? Umepungukiwa? Kama umepungukiwa, sema, si mimi ni mwanao? Nimekupigia simu mpaka kidole kimeota sugu. Umesema nisiulize sababu, basi siulizi, lakini ujue nimekaa roho juu.

Nimeshatoa tangazo. Niliandika hivi: "Pikipiki ya Kijerumani ya zamani, imara, haijapauka, haijachubuka, haijawahi kulala nje, imetunzwa na mkunga kuliko watu wanavyotunza watoto." Bosi wangu alisoma akasema nimeitangaza kama vigae vya bafuni. Hata hivyo watu wameuliza. Atakuja mwenye hoteli moja kubwa, mtu wa heshima zake, na baada yake kijana wa benki anayekusanya vyombo vya zamani. Wote wawili nimewaeleza habari ya kigoda na karatasi. Walicheka, ila wamekubali.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinipakia mbele, juu ya tangi, unanipeleka shule, na wenzangu wote wanasimama langoni? Mimi miaka yote nilidhani siku moja... Basi, hilo tuliache.

Mwanao


16 Machi

Bwana Kesho, baba mtarajiwa,

Unadhani kuna mtu wa kumficha mkunga mimba? Nilisoma "hawezi kuona chai" nikaweka barua chini nikapiga vigelegele peke yangu sebuleni. Mwambie mkeo asibebe ndoo, na wewe usimpikie vitu vya kunukia asubuhi. Niandikie ana miezi mingapi. Goti langu ni lile lile. Baba yako ameanza kupanda bustani ya vitunguu na amekuwa msumbufu kwa habari za vitunguu.

Wageni wako walifika. Mwenye hoteli alikuja na viatu vinavyong'aa kuliko tangi langu, na hilo si jambo dogo. Alimzunguka Mjerumani, akampiga picha, akanieleza kwa mikono mpaka nikaelewa. Anataka kumweka mapokezini, kando ya maua, akiwa amekaushwa mafuta yote ili zulia lisichafuke. Mwanangu, alitaka kumtoa damu amweke maonyesho! Kwenye karatasi aliandika: "Sauti nzito, ya heshima." Nikamfungulia lango.

Kijana wa benki alikaa kwenye kigoda vizuri, akafumba macho, nikapata matumaini. Akaandika: "Mlio mzuri sana." Yaani nilikataza neno moja tu duniani, akaliandika na kuliongezea "sana".

Nakuomba, anayekuja sasa awe mtu wa kuniandikia kweli. Karatasi hizi haziniambii kitu, na mimi nina haja ya kuambiwa.

Shangazi yako


5 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mke wangu hajambo, amefika mwezi wa nne, chai ameanza kuiona tena. Mimi sijambo pia, ila leo nitaandika kwa ukali kidogo, na utanisamehe.

Mwenye hoteli alikuja dukani, akaniita pembeni. Anasema alikuamkia langoni, hukuitika. Akakuamkia tena, ukampa kisogo ukaendelea kufuta spoku. Mtu mzima yule, Shangazi, ananunua vigae vyangu vya vyumba vyote! Kijana wa benki naye anasema alikuwa katikati ya kukueleza jinsi atakavyoitunza, ukainuka ukaenda zako jikoni, ukamwacha anaongea na pikipiki. Nimeona aibu. Mimi niliwasifia shangazi yangu mcheshi, aliyezalisha nusu ya wilaya akiwachekesha wanawake katikati ya uchungu, wao wamekutana na malkia.

Hata baba ananiandikia kwamba siku hizi ukizungumzishwa umetia pamba masikioni. Alikuuliza habari za goti, ukamjibu habari za bei ya petroli. Watu wameanza kusema una kiburi. Kwamba pikipiki imekuvimbisha kichwa.

Na kwa kuwa nimeshaanza, nimalize. Kwa nini hukunipa mimi? Nimeuliza.

Mwanao


14 Aprili

Mwanangu,

Salamu kwa mkeo. Mwezi wa nne ni mwezi mzuri, apate usingizi sasa akiweza.

Ndiyo, nina kiburi. Nilianza kuwa nacho siku nilipopiga kiki ya Mjerumani ikaitika mara ya kwanza mbele ya wanaume waliokuwa wamekuja kucheka, na sijaona sababu ya kukiacha. Waambie hivyo wateja wako wa vigae.

Kwa nini hukupewa wewe? Kwa sababu gari lako unaliosha kwa kuliacha nje mvua ikinyesha. Nililiona mwenyewe ulipokuja. Ungempenda Mjerumani, sina shaka, tena ungempenda sana. Lakini ungemtunza kesho.

Leta mnunuzi mwingine.

Shangazi yako


20 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na nimelichukia gari langu mwezi mzima. Jumapili nimeliosha. Mke wangu alisimama mlangoni akauliza kama kuna msiba.

Hatujambo. Mtoto ameanza kucheza tumboni. Mama yake ananiita niweke mkono, nikiweka anatulia. Mke wangu ananiambia, "Huyo kashakurithi, naye anasubiri kesho."

Nimekupatia mnunuzi mwingine. Huyu ni daktari wa mifugo, mwanamke, anazunguka mashamba ya upande wenu kutwa nzima, na pikipiki yake ya sasa imemchosha kwa kukatika mnyororo. Hakucheka nilipomweleza sharti lako. Aliniuliza tu, "Niandike kwa kirefu au kwa kifupi?" Atafika mwanzoni mwa mwezi ujao.

Shangazi, sikuombi sababu. Nakuomba jambo moja tu. Kama kuna kitu unanificha, usinifiche kwa kuwa unadhani nitakuonea huruma. Mimi nimekulia juu ya tangi lako. Kukuonea huruma siwezi hata nikilazimishwa.

Mwanao


12 Julai

Mwanangu,

Nakusalimu kwa barua ndefu na kifurushi. Usifungue kifurushi kabla hujamaliza kusoma. Nakujua.

Vitunguu vya baba yako vimeota, tumepona. Wajukuu wa jirani wamejifunza kulala. Goti limetulia.

Mjerumani nimeshamuuza. Kaa chini nikueleze.

Daktari wako wa mifugo alikuja na mabuti yenye matope, nikampenda kabla hajavua kofia. Hakunisalimu kutoka nyuma kama wale wengine. Alizunguka akasimama mbele yangu, akanisalimu nikimwona mdomo. Nikawasha. Akakaa kwenye kigoda, akatoa kile kipimo chake cha kusikilizia moyo wa ng'ombe, akaweka kichwa cha kipimo juu ya injini, akahama, akaweka pengine. Alikaa hivyo mpaka injini ikapata moto kweli kweli. Kisha akaandika, na karatasi yake ninayo hapa:

"Mlio mmoja mzito, unarudi sawasawa, haurukiruki. Chini yake kuna kitu kinagonga kwa wepesi upande wa vali ya kutolea moshi, kama kijiko kinachogusa kikombe. Hakipotei hata ikipata moto."

Mwanangu, nilisoma mstari ule mara mbili. Nikazima, nikangoja ipoe, nikafungua kifuniko, nikapima. Vali imelegea. Mjerumani alikuwa analalamika, na mimi mwenyewe namfuta spoku kila asubuhi, najipiga kifua, sijui.

Sisikii. Sikio la kushoto lilianza kuondoka zamani kidogo, la kulia likalifuata. Ndiyo maana niliacha kuzalisha mapema. Niliwaambia watu nimechoka. Sikuwa nimechoka hata kidogo. Siku moja niliweka pembe yangu, ile ya mkunga ya kusikilizia moyo wa mtoto, kwenye tumbo la mama, nikaweka sikio, nikakuta kimya, na mtoto alikuwa mzima anapiga mateke. Nikamwita mwenzangu asikilize yeye, nikavua aproni, nikarudi nyumbani.

Nililia njia nzima. Basi nikabaki na Mjerumani. Unajua kwamba hata yeye nilikuwa namsikiliza kwa pembe ile ile, juu ya kifuniko cha injini, na kwa sauti tu nilijua anataka nini. Mwaka jana naye akawa kimya. Bado naweza kumwendesha, maana mikono inamsikia kwenye usukani na mapaja yanamsikia kwenye tangi. Lakini mashine hulalamika kwanza kwa sauti ndogo, na sauti ndogo ndizo zilizoniacha. Sikutaka afie mikononi mwangu huku watu wakimsifu. Nilitaka aondoke akiwa mzima, aende kwa mtu atakayemsikia. Zile karatasi hazikuwa mtihani wa wanunuzi. Nilikuwa naomba kuambiwa.

Kuhusu wageni wako, ni kweli sikuwaitikia. Uliponiandikia kwamba ni kiburi, nilifurahi. Mwenye kiburi watu humwamkia mara mbili. Kiziwi humpigia kelele, halafu wakamjadili akiwa amekaa pale pale. Afadhali kiburi. Na wewe nilishindwa kukwambia kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unajipiga kifua langoni mwa shule, "Huyu ni shangazi yangu." Nilitaka nibaki yule yule.

Daktari sikumwambia, aligundua. Akachukua karatasi akaandika chini ya ile habari ya vali: "Mimi nitakuwa nasikia. Kukaza sijui. Utanifundisha?" Tukakubaliana. Kila akipita upande huu ataleta Mjerumani, atasikiliza, ataniandikia, nami nitashika spana. Yeye sikio, mimi mikono. Bei aliyotaja nilimpunguzia mwenyewe, usinigombeze.

Siku ya kuondoka nilivaa gauni langu la kazi. Nikapiga kiki, ikaitika pale pale. Nikampakia daktari nyuma nikamwendesha mpaka mwisho wa mtaa, polepole, watu wote wametoka milangoni. Pale kwenye kona nikashuka, nikampa usukani, nikarudi kwa miguu, kichwa juu, bila kugeuka nyuma. Niliyemkuta amesimama mlangoni kwangu ni mama yake yule jirani mshona nguo, yule bibi niliyemzalisha watoto wote. Alikuwa amesikia Mjerumani kutoka kitandani. Alikuwa amebandika maji.

Sasa fungua kifurushi.

Hiyo ndiyo pembe yenyewe. Daktari aliiomba, nikamkatalia. Uliniuliza kwa nini hukupewa wewe, nikakujibu kwa ukali, na habari ya gari siifuti. Lakini hii haitaki mafuta wala kung'arishwa. Niliiweka kwenye tumbo la mama yako wewe ukiwa ndani, nikakusikia kabla ya mtu mwingine yeyote duniani. Ni yako.

Fanya hivi. Mkeo alale chali, mto chini ya kichwa. Papasa tumbo taratibu utafute mgongo wa mtoto, upande ulio mgumu na laini kama ubao uliopigwa randa. Weka mdomo mpana wa pembe hapo, sikio lako juu, kisha uachie mkono. Pembe ishikwe na sikio, mkono unaleta kelele. Ukisikia kama upepo unapita polepole, huyo ni mama. Usiridhike, sogea.

Uniandikie ulichosikia. Usiniandikie "mzuri". Na safari hii, mwanangu, usiandike kesho.

Shangazi yako


2 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua na kifurushi vimefika leo alasiri, na naandika leo leo, hata viatu vya kazini sijavua.

Habari ya masikio yako nimeisoma nimesimama dukani, nikakaa juu ya maboksi ya vigae, nikalia mbele ya wateja. Sikukuonea huruma. Nilikumbuka nilivyokuita mwenye kiburi, na wewe ukakipokea hicho kiburi ukakivaa kama koti. Shangazi, mimi bado niko langoni mwa shule. Bado nasema, huyu ni shangazi yangu. Mwenye hoteli nimempigia, nikamweleza kwamba hakupewa kisogo, alisimama upande usiofaa. Ameniagiza nikupe shikamoo yake. Ninayo hapa, pokea.

Sasa nilichosikia.

Kwanza nilisikia sikio langu mwenyewe na mke wangu anacheka. Akicheka tumbo linaruka na pembe inaanguka. Nilimwomba atulie. Nikapapasa kama ulivyosema, mgongo nikaukuta upande wa kushoto, chini kidogo ya kitovu. Nikaweka, nikasahau kuachia mkono, nikasikia ngurumo tu. Nikaachia. Ukaja ule upepo, unakwenda na kurudi polepole. Nikataka kuita kwamba nimesikia, nikakumbuka umesema nisiridhike.

Nikasogea chini. Ukaja.

Ni mlio mdogo, wa haraka, uko mbali lakini hauna shaka. Unagonga mapigo mawili mawili, la kwanza zito, la pili jepesi, kisha tena, bila kupumzika. Haurukiruki. Hauna kitu kinachogonga pembeni. Mtoto akijinyoosha unaharakisha, akitulia unarudi pale pale ulipokuwa. Unakumbuka asubuhi, ukiwa umeshamwasha Mjerumani, tunangoja apate moto kabla ya kwenda shule, na mimi nimelaza shavu juu ya tangi? Ndivyo ulivyo, ila mwepesi zaidi, na una haraka ya kuondoka. Nilisikiliza mpaka shingo ikakakamaa. Mke wangu akauliza, "Vipi?" Nikamshika mkono.

Hicho ndicho nilichosikia. Nimekiandika chote.

Kujifungua atajifungulia hospitali, lakini anataka mikono yako tumboni kabla ya hapo, na mimi nataka uje. Sikio litakuwa langu, kila kitu nitakuandikia pale pale ukiwa umekaa. Gari ni safi, nitakufuata mwenyewe. Mke wangu anasema niongeze kwamba atakuwa anachungulia dirishani, maana safari hii hutatanguliwa na mlio, na anataka akuone ukishuka ili abandike maji.

Mwanao